Usining'arishe: namna ya kuwapa vijana kamera wazungumzie rangi yao

Kwa miaka 19 nimepiga picha za pasipoti hapa Dunda, Bagamoyo, kwenye chumba alichokianzisha marehemu baba kwa kamera ya filamu na shuka jeupe ukutani. Ombi nililolisikia mara nyingi kuliko hata "bei gani" ni hili: "Dada, ning'arishe kidogo." Basi naburuta kitelezi kwenye kompyuta, uso wa maji ya kunde unageuka mweupe kama wa mtu mwingine, mteja anatabasamu, analipa, anaondoka. Sikuona ubaya wowote. Mkorogo unababua ngozi, wangu wa kwenye kompyuta haumbabui mtu. Ndivyo nilivyojiambia.

Kisha mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka 16 aliyekulia Minneapolis, akaja likizo. Alishinda dukani akinitazama, jioni akaniuliza, "Mama mkubwa, wewe ulijua lini kwamba ni mweusi?" Nikacheka. Hapa nani akuambie, na kila mtu ni mweusi? Yeye hakucheka. Yeye aliambiwa akiwa na miaka 7, ndani ya basi la shule, na mtoto mwenzake. Akanisimulia pia kuhusu kikundi chao cha baada ya masomo, walikopewa kamera wapige maisha yao na kuyazungumza. Alipomaliza nikajua nimepata kazi.

Nilikusanya vijana 9 wa mtaani, tukakaa Jumamosi nane. Haya ndiyo niliyojifunza, pamoja na niliyoyaharibu.

Ilikotoka njia hii

Picha shirikishi, yaani kuwapa watu kamera wapige maisha yao kisha wayazungumze, haikuanzia kwetu sisi wenye studio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Wanawake wale walipiga maisha yao wenyewe, wakakaa kuzijadili picha, na walichokisema kikapelekwa kwa wenye mamlaka ya kupanga mambo. Wataalamu hawa waliazima mengi kwa Paulo Freire wa Brazil, aliyefundisha watu wazima kusoma kwa kuwawekea mbele michoro ya maisha yao na kuwauliza maswali, bila kuwahutubia. Kwa hiyo kamera ni chambo tu, samaki ni mazungumzo. Mtu akianza kwa kukuuliza utatumia kamera ya aina gani, mrudishe mwanzo.

Marekani njia hii imewafaa vijana weusi kwa sababu wao hutazamwa kabla hawajapata nafasi ya kujitazama. Mwaka 1971 mwanasaikolojia William Cross alieleza safari ya mtu mweusi wa kule kuitambua rangi yake: anaishi bila kuijali sana, linatokea tukio linalomgutusha, anazama mzima mzima katika mambo ya weusi, kisha polepole anatulia na kujikubali. Lile basi la shule lilikuwa ndilo tukio la binti yetu.

Na si leo watu weusi walipoanza kuitumia kamera kujitetea. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alipigwa picha nyingi kuliko Mmarekani mwingine yeyote wa karne ya 19. Zinazojulikana zinafika 160 hivi. Karibu zote hatabasamu. Alikuwa akivijibu vikaragosi vya wakati ule vilivyomchora mtu mweusi akikenua meno. Nilipowaonyesha vijana picha yake, mmoja akasema, "Mzee huyu anadai watu." Nikamwambia ndiyo, anadai.

Kwetu jambo hili hujificha. Rangi hatuiiti rangi. Tunasema fulani ana damu ya Kiarabu, fulani nywele zake laini, yule mweusi tii, huyu wa bara. Wazee wa pwani waliojiita waungwana waliwaita watu wa bara washenzi, na neno hilo tunalitumia hadi leo mtoto akimwaga chai. Chini ya maneno yote hayo kuna utumwa, na hapa mjini hautajwi sana isipokuwa na yule anayelipwa kuwatajia wageni.

Kwa hiyo usiichukue njia ya Minneapolis ukaiweka Bagamoyo kama ilivyo. Kijana wa kule anajibu swali aliloulizwa na wengine. Wa hapa hajaulizwa, na ukimuuliza kwa pupa atakuona umechanganyikiwa.

Kabla ya kugusa kamera

Vijana 8 hadi 10 wanatosha. Wakizidi, wawili watanyamaza hadi mwisho na hutawagundua. Wangu walikuwa na miaka 14 hadi 17, mabinti 5 na wavulana 4, tukiwa na simu 5 za kuazimana. Tulikutana barazani kwangu saa tatu hadi saa sita, mchana wengine wakaenda chuoni kwa maalimu.

Ridhaa usiifanye kuwa karatasi ya kusainiwa haraka haraka. Chini ya miaka 18 huyo ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo mzazi lazima ajue na akubali. Usimpe mtoto fomu aipeleke nyumbani. Piga hodi, kaa, kunywa ulichokaribishwa, isome fomu kwa sauti, kisha ueleze picha zitaonwa na nani na zitahifadhiwa wapi. Tangu mwaka 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na uso wa mtu ni taarifa yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye mwambie mapema, asije kusikia kwa watu kwamba kuna watoto wanazunguka wakipiga picha nyumba zao.

Ridhaa ya pili ni ya kijana mwenyewe, umuulize mzazi akiwa hayupo. Ya tatu ni ya kila anayepigwa picha. Hii ifanyieni mazoezi kama mchezo wa kuigiza: mmoja awe mama muuza samaki mwenye hasira, mwingine amwombe. Mazoezi hayo yalituokoa pale soko la samaki, maana wavuvi walitupokea kwa maneno haya: "Sisi si wanyama wa mbugani." Kijana wangu akajibu, "Shikamooni. Mimi ni mtoto wa Magomeni ya hapa hapa, nataka kupiga mikono inayofanya kazi, nyuso siziweki." Wakamwitikia, wakamruhusu, na mmoja akataka na uso wake uwemo.

Msipige kituo cha polisi, eneo la jeshi, mgonjwa, msiba, wala watu wanaooga baharini. Kwenye majengo ya kale kama Caravan Serai au magofu ya Kaole, mmoja wenu atangulie kuuliza kiingilio na taratibu za kupiga picha.

Mwanga, somo la siku moja tu

Zamani kwenye picha za harusi za baba, kanzu zilitoka zinang'aa na nyuso kama makaa. Tulidhani ni ufundi wake. Baadaye nikajua kwamba kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, mafundi wakiiita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Filamu zilianza kuijali kahawia katika miaka ya 1970, na waliosukuma jambo hilo walikuwamo watangazaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Vijana waliposikia hivyo walicheka, kisha wakakaa kimya. Kabati lilisikilizwa kabla ya bibi zao.

Simu nayo hukadiria mwanga wa picha nzima. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya bahari ya saa sita, simu inahangaika na bahari na kumwacha yeye gizani. Mgeuze. Mweke kwenye kivuli cha baraza akitazama nje, gusa uso wake kwenye kioo, kisha ongeza mwanga kidogo kidogo hadi uione ngozi na si mng'ao. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu alasiri, jua la hapa lina adabu. Na kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime ile ya kurembesha sura. Simu nyingi huja ikiwa imewashwa. Tulipoizima, binti mmoja aliitazama selfi yake na kuuliza, "Hivi ndivyo ninavyoonekana?" Sikumjibu. Swali lake tulilifanyia kazi wiki tatu.

Kazi za nyumbani

Hapa ndipo nilipoharibu. Jumamosi ya kwanza niliwaambia, "Nendeni mkapige picha ya weusi wenu." Waliniletea picha 9 za mikono. Mikono tupu, kama ya kupima presha. Swali langu lilikuwa baya, wao hawakukosea.

Kamwe usiitaje rangi kwenye kazi unayowapa. Taja kitu au mahali wanapoweza kwenda kwa miguu. Kazi zilizonizalia matunda ni hizi: kitu cha nyumbani kwenu kinachokutazama kila siku; mahali unapojiona umependeza; kitu cha dukani kilichotengenezwa bila kukufikiria wewe; kitu ulichorithi bila kukichagua. Kazi moja kwa wiki, picha tatu zisizidi, na ya kuzungumziwa anaichagua mwenyewe.

Ile ya dukani ndiyo iliyofungua mlango. Mmoja alileta stokingi zilizoandikwa "rangi ya ngozi". Mwingine plasta ya kidonda ameibandika kwenye goti lake, ya waridi, inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Wa tatu alipiga wanasesere waliopangwa kibandani, wote weupe, wa mwisho kaanguka kifudifudi. Hapo nikawasimulia habari za Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wanasaikolojia weusi wa Marekani. Waliwawekea watoto weusi wanasesere weupe na weusi na kuwauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulitajwa mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya kule ilipoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Nilisimulia baada ya picha zao, si kabla. Ukitanguliza hadithi ya wakubwa, watoto watakuletea picha za kuipamba hadithi yako.

Kukaa na picha

Shika kipimo hiki: saa moja ya kupiga, saa mbili za kuzungumza. Picha ikiwekwa mezani, tunapita maswali matano ambayo wenye njia hii huyatumia, kwa maneno yangu: Unaona nini? Hasa kinachoendelea hapo ni nini? Kinahusiana vipi na maisha yetu? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini?

Swali la kwanza linaonekana la kitoto, na ndilo wanaloliruka. Usikubali. Kijana akisema "naona umaskini", mrudishe: umaskini una rangi gani, uko kushoto au kulia? Ataanza kusema bati, kamba ya nguo, ndoo iliyopasuka. Umaskini ni maoni yake, ndoo ndiyo anayoiona, na maoni mengi ya watoto wetu juu yao wenyewe waliyapata kwa mtu mwingine.

Mimi huwaacha wenzake waseme kwanza na mwenye picha amalize. Anapata kusikia anavyosomwa, kisha anasahihisha. Kusahihisha huko, "hapana, sikumaanisha hivyo", ndiko nilikosikia utambulisho ukijengwa, kama fundi anayegonga ukuta kusikia palipo patupu.

Binti wa miaka 15 alileta meza ya vipodozi ya mama yake: makopo sita, moja halina lebo. Wenzake wakacheka, kila mtu anaujua mkorogo. Yeye hakucheka. Tukaenda polepole. Swali la nne lilipofika, kwa nini hali iko hivi, mmoja akataja washereheshaji wanaomsifu bibi harusi kwa weupe, mwingine akataja wanaume. Kisha mwenye picha akasema, "Mama hupaka zaidi wiki anapokuja kwako kupiga picha, anti. Anataka ukute kazi imeshafanyika."

Sikuwa na pa kuangalia. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na hotuba nzima ya madhara yake ilikuwa ulimini. Nikaumeza ulimi. Kumhutubia mtoto juu ya kopo la mama yake, mbele ya wenzake, kungemfunga mdomo kabisa. Nilichosema ni kwamba mimi ndiye ninayewang'arisha watu hapa mjini. Habari za zebaki nilimpa baadaye, tukiwa wawili, ampelekee mama kwa njia aijuayo. Ukiongoza kikundi kama hiki, jitayarishe kujikuta ndani ya picha ya mtu, na usijitetee.

Binti wetu wa Minneapolis alihudhuria vikao viwili kabla ya kurudi. Mvulana mmoja alimwambia kwa kujiamini, "Mimi si mweusi, mimi ni maji ya kunde." Akamjibu, "Ukifika kwetu, kwenye fomu yao hakuna kisanduku cha maji ya kunde." Walibishana hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Sikuwaamua. Yeye alikuwa akipigania umoja wa jina moja kwa sababu kule linamlinda, huyu alikuwa akipigania jina la bibi yake kwa sababu ni tamu. Wote wawili walikuwa na haki, na waliagana wakiwa wamepeana namba za WhatsApp.

Maneno chini ya picha

Nenda pale Misheni, kituo cha kale cha Wakatoliki hapa Bagamoyo, ukautazame mbuyu mkubwa. Kwenye shina kumezama mnyororo, umebaki kipande. Mgeni akiuona hukunja uso na kusema, "Watumwa." Wanaotembeza wageni pale husimulia tofauti: ni mnyororo wa punda wa Madame Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa hapa mwishoni mwa karne ya 19, na mti ukakua ukaumeza. Niliwapeleka vijana wote 9, wakapiga picha ileile, nikataka maelezo mafupi matatu tofauti ya kuweka chini yake. Mmoja aliandika: "Punda aliachiwa, mnyororo ukabaki." Mwingine: "Ukiwa Bagamoyo, kila chuma ni cha babu yako." Fanya zoezi hili hata kama huna mbuyu. Chukua picha ya kale ya wapagazi au ya watu waliofungwa shingoni, zile zinazoonyeshwa sana mjini kwetu, uulize: nani alishika kamera? Aliomba ruhusa? Mbona hakuna jina hata moja? Vijana wangu walizoea kuzipita picha hizo wakisema "watumwa hao". Baada ya zoezi mmoja alisema "huyu wa tatu kasimama kama kaka yangu", na tangu hapo hakuna aliyesema "hao".

Maneno ya picha ayaandike mwenye picha, Kiswahili cha kwao, usimnyooshee sarufi.

Maonyesho

Tulitundika picha 27 barazani kwa misumari na uzi wa nyavu, wazazi wakaja, mwenyekiti akaja, kahawa na kashata zikatembea. Hapa sina mengi. Chapa kubwa, weka chini ya usawa wa macho ya mtu mzima ili bibi waone wakiwa wamekaa, na mwenye picha asimame kando yake.

Lakini lile la picha ya 27 lazima niliseme. Mvulana mmoja kwenye kazi ya kurithi alimpiga bibi yake chini ya miembe ya Misheni, kivuli kizuri, uso umekaa sawa, picha bora kuliko zangu zote. Bibi aliridhia. Chini yake mjukuu aliandika kwamba ukoo wao ulianzia kwenye kijiji cha waliokombolewa utumwani, kile kilichoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Aliandika kwa fahari. Bibi alifika mapema, akamwomba mtu amsomee. Akaniita pembeni. "Sura yangu nimekupeni, mwanangu. Hilo sikukupeni. Nina majirani hapa."

Nilimwita mjukuu, nikawaacha wawili. Waliongea muda mrefu, yeye ameinama. Kisha akaja kuitungua picha yake mwenyewe, akampa bibi, na bibi akaifunga ndani ya kanga. Msumari tuliuacha. Watu walipouliza mbona hapa pako wazi, yule kijana, aliyekuwa amesimama pale pale kama wenzake, aliwajibu, "Ni yangu. Haijawa tayari."

Fomu yangu sasa ina mstari ambao haukuwepo: nyuma ya kila picha, aliyepigwa anasomewa maneno yatakayowekwa chini yake, na anatia sahihi au dole mara ya pili. Anaweza kuyafuta hata asubuhi ya maonyesho.